Namba Iliyoishi Sekunde 16

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitutajia idadi yetu: watu 61,741,120. Kufikia jioni kila mtu alikuwa ameshaikata mkia. Milioni 61 na kitu. Milioni 61.7. Wengine wakasema milioni 62 kabisa, kama muuza zabibu anayekuongezea kishada ili mzani utulie.

Siwalaumu. Mpanga bajeti hana kazi na ile 120 ya mwisho, na dereva wa daladala ndiyo kabisa. Lakini mimi nilishika chaki miaka mingi kabla ya kuanza kuandika makala, na mkono wangu umebaki na tabia moja mbaya: ukiona namba ndefu, unatafuta penseli. Jioni ile niliandika namba nzima nyuma ya risiti, nikaanza kuipasua.

Kupasua namba ni kutafuta vigawo vyake tasa, zile namba zisizogawanyika tena ila kwa moja na kwa zenyewe. Sifuri ya mwisho ilinipa 2 na 5 bila jasho, ikabaki 6,174,112. Nikagawa kwa mbili: 3,087,056. Tena: 1,543,528. Tena: 771,764. Tena: 385,882. Tena: 192,941, na hapo mbili zikaisha maana tumefika kwenye witiri. Tatu haikukubali (tarakimu zinajumlika kuwa 26, na 26 haigawanyiki kwa tatu). Saba ikakubali, ikaacha 27,563. Kisha ikaja safari kavu: 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zinaacha baki. Ya 43 ikaingia sawasawa, na iliyobaki mkononi ilikuwa 641.

Niliweka penseli chini.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hesabu kama wengine wanavyocheza bao, aliwaandikia wenzake kuhusu familia moja ya namba. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kurudufu, kisha ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat aliamini kwamba zote zinazofuata zitakuwa tasa pia, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Inayofuata ni 2³² ukiongeza 1, yaani 4,294,967,297. Karibu karne nzima imani ile ilibaki imesimama. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25, akaonyesha kwamba namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Ikaishia hapo. Na mpaka leo, katika familia ile yote, hakuna tasa nyingine iliyopatikana zaidi ya zile tano za mwanzo.

Kwa hiyo 641 ni namba yenye historia. Ndiyo iliyomwangusha Fermat, na hii hapa imekaa ndani ya sensa ya Tanzania:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Kuna uzuri mwingine humo ambao sikuuona siku ya kwanza. Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote cha ile namba ya sita ya Fermat lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Hilo linapunguza kazi sana. Badala ya kujaribu tasa zote unajaribu zile tu zenye umbo hilo: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inafungua mlango. Sasa tazama namba yetu. Ile 2⁶ ya mwanzo ni 64, na 641 ni 64 mara kumi, ongeza moja. Mlango na ufunguo wake vimo ndani ya namba moja. (Kwa wanaotumia kompyuta: ile 2³² bila kuongeza moja, 4,294,967,296, ndiyo jumla ya anwani zote katika mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. Ni chache kuliko watu wa dunia, na ndiyo sababu ukatungwa mfumo mpya.)

Niliwapelekea habari hii wazee wa kahawa karibu na Soko la Majengo. Nilidhani nimebeba lulu. Mzee mmoja akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza kikombe, akasema: "Sitini na nne. Mwaka wa Muungano. Mwalimu, hiyo si bahati tu." Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea pikipiki akadakia, "Shikamoo mwalimu, naomba unirudie hizo namba pole pole, niziweke kwenye mkeka."

Hapa ndipo niliposhtuka, na ndiyo sababu ya makala haya. Kuna njia mbili za kuishangaa namba kubwa. Ukiwa umekaa kwenye benchi la kahawa zinafanana. Moja ni hesabu, nyingine ni ramli.

Ile ya Muungano ni ramli. Mwaka 1964 uliitwa 1964 kwa sababu ya kalenda, na sisi ndio tuliokata tarakimu mbili za mwisho zikabaki 64. Tungetumia kalenda ya Hijria mwaka huo ungekuwa na jina jingine. Ramli inaanza na jibu inalolitaka, kisha inarudi nyuma kutafuta namba ya kuliunga mkono, na haikosi kamwe. Ingekuwa 2⁵, tungesema ni 32 na kutafuta pa kuitundika.

Na mimi je? Haki ni haki: mzee angeweza kunigeuzia kibao. Uwezekano wa namba yoyote kugawanyika kwa 641 ni mmoja katika 641, ndiyo, mdogo. Lakini kichwani mwangu zimo tasa nyingi zenye historia, na ningeikuta yoyote kati ya hizo ningeweka penseli chini vilevile. Ukijua hadithi nyingi, kila mlango unaogonga una mtu unayemfahamu. Kwa hiyo sidai kwamba 641 imetumwa kwetu. Ninachodai ni kidogo na kigumu zaidi: kwamba 641 *imo*. Hata kama sensa isingefanyika, hata kama tungeandika kwa herufi za Kiarabu au kwa mafundo ya kamba, namba hiyo ingegawanyika kwa 641 bila baki. Muungano na 64 hauna sifa hiyo.

Mfano bora wa tofauti hii uko kwenye uso wa namba yenyewe. Soma tarakimu nne za mwanzo: 6174.

D. R. Kaprekar alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Devlali, India, na mwaka 1949 aligundua jambo ambalo unaweza kulijaribu sasa hivi. Andika namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zote zisifanane. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, na utoe. Rudia kwa jibu ulilopata. Ndani ya hatua saba au pungufu utafika 6174, na ukifika hutoki, maana 7641 − 1467 = 6174.

Jaribu 1973, mwaka ambao serikali iliamua makao makuu yahamie Dodoma. 9731 − 1379 = 8352. Halafu 8532 − 2358 = 6174. Hatua mbili tu, harakaharaka, tofauti kabisa na uhamiaji wenyewe. Mwaka wa sensa, 2022, unachukua hatua nne: 1998, 8082, 8532, 6174. Mwaka wa Uhuru, 1961, unazunguka hatua zote saba, idadi ambayo hakuna namba inayoizidi: 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, 6174.

Inafurahisha. Kila darasa nililowahi kulipa mchezo huu lilinyamaza bila kuambiwa. Lakini 6174 haikai ndani ya namba. Inakaa ndani ya mwandiko, katika desturi yetu ya kuhesabu kwa makumi, ambayo chanzo chake ni vidole. Andika idadi ileile kwa mfumo wa mbili, kama kompyuta inavyofanya, na Kaprekar anatoweka. Badala yake unaona sifuri sita zimejipanga mwishoni. Zile sita si za bahati, ni 2⁶ ikijitokeza hadharani. Sisi tunaona sifuri moja tu mwishoni kwa sababu tunahesabu kwa kumi, na 5 tunayo moja. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia mtu akiniletea namba ya ajabu: ibadilishie mavazi uone kama bado ni ya ajabu.

Sifa ya vigawo inavuka kipimo hicho, na ndiyo iliyowafanya wa kale waanze kuzipanga namba kwa tabaka. Nicomachus, aliyeandika karibu mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa namba kwa kujumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Jumla ikiwa sawa na namba, hiyo ni timilifu: 6 ni 1 + 2 + 3, kisha 28, kisha 496, kisha 8,128. Jumla ikizidi, ni namba tele. Ikipungua, ni pungufu. Mzee huyo hakuishia hapo, akazisimanga: namba tele alizifananisha na mnyama mwenye viungo vingi kupita kiasi, namba pungufu na kiumbe wa jicho moja au mkono mmoja. Sikubaliani naye. Muulize anayefunga zabibu kwenye masanduku pale sokoni. Ukiwa na vishada 60 unaweza kuvifunga mbilimbili, tatutatu, nnenne, tanotano, sitasita, na hakuna kinachobaki. Ukiwa na 59, unavifunga kimoja kimoja au vyote pamoja. Hapo nani ana kasoro?

Namba ya taifa ina vigawo 112. Ukivijumlisha vyote ukaiacha yenyewe nje, unapata 110,458,688, karibu mara 1.8 ya namba. Ni tele, tena tele haswa. Nikaenda kwa mikoa, na hapo mambo yakawa matamu.

Dar es Salaam, watu 5,383,728. Nilitarajia fujo, kama mkoa wenyewe. Ikatoka hivi: 2⁴ × 3² × 7³ × 109. Vigawo 120! Mkoa mmoja una vigawo vingi kuliko nchi nzima inayoubeba, ingawa nchi ni kubwa mara kumi na moja na zaidi.

Majirani zetu wa Singida, 2,008,058. Hii ni 2 × 13³ × 457. Kumi na tatu mara tatu, mfululizo. Sijawahi kukutana na idadi ya watu iliyobeba 13 tatu, na nikiri kwamba nilirudia kugawa mara mbili kwa kudhani nimekosea. Vigawo 16 tu.

Na Dodoma yetu, 3,085,625. Mwisho wa 625 unakuonyesha njia mapema, maana 625 ni 5⁴. Kinachobaki ni 4,937, nacho ni tasa. Basi: 5⁴ × 4,937, vigawo kumi, jumla ya vile tisa vya chini ni 770,953, robo tu ya namba. Pungufu. Dodoma, ambayo kwa idadi ni zaidi ya nusu ya Dar es Salaam, kwa vigawo ni moja ya kumi na mbili yake. Mwanafunzi mmoja wa zamani nilipomweleza akacheka: "Kumbe hata kwenye vigawo, mwalimu, Dar wametuzidi foleni."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo nadhani hatulisemi vya kutosha tunapofundisha hesabu.

Sensa iliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Usiku mmoja ulichaguliwa kwa sababu idadi ya watu haisimami. Kati ya 2012, tulipokuwa 44,928,923, na 2022, tuliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 3.2 ya milioni 61.7 ni karibu milioni 2 kwa mwaka, kama 5,400 kwa siku, 225 kwa saa, karibu wanne kwa dakika. Ukishatoa wanaofariki kwenye wanaozaliwa, mtu mmoja anaongezeka kila sekunde 16 hivi. Kwa hiyo namba 61,741,120, kama kweli iliwahi kuwa idadi yetu kamili kwa mtu, iliishi muda wa kuvuta pumzi nne au tano. Kisha mtoto mmoja akalia mahali fulani, pengine hapa Chamwino, pengine Newala, na tukawa 61,741,121.

Kwa mtakwimu hakuna kilichotokea. Asilimia haijasogea, grafu haijatikisika. Kwa mtu wa namba, nchi imebadilika yote. Mpya ni witiri. Zile 2 sita zimekwenda. Tano imekwenda, saba imekwenda, 43 imekwenda, na 641 yetu imekwenda nazo, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazichangii kigawo chochote ila moja. Mahali pao imeingia 13: 61,741,121 = 13 × 4,749,317. Na utele nao umekwisha. Namba witiri isiyogawanyika kwa 3 haiwezi kuwa tele mpaka ifike 5,391,411,025, na sisi hatujafika hata mlangoni pake. Mtoto mmoja amelihamisha taifa kutoka tele hadi pungufu. Rudi nyuma kwa mtu mmoja na hadithi inageuka tena: 61,741,119 ni 3 × 11 × 1,870,943.

Katika takwimu, ukaribu ndio kila kitu. Namba mbili zilizo jirani ni kama ndugu, na kazi nzima ya fani ni kujua ni umbali gani bado unaruhusu kuitana ndugu. Katika nadharia ya namba, ujirani hauna maana yoyote. Jirani anaweza kuwa mgeni kabisa wakati ndugu yako wa damu yuko mamilioni mbali, mnachangia 641. Hizi ni akili mbili tofauti, na kijana anazihitaji zote mbili. Sisi tunawapa moja na nusu. Tunawafundisha kukadiria, vizuri. Kisha tunawafundisha KKS na KDS, kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika, kwa kutumia 12, 18, 24 na 36, namba zilizofugwa mpaka zikasahau pori. Mtoto anamaliza darasa la saba akiamini kwamba kila namba inapasuka kwa mbili na tatu, na kwamba kubwa ni ngumu na ndogo ni rahisi.

Si kweli, na ushahidi upo mjini hapa. Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179. Ni kama sehemu moja ya themanini ya namba ya taifa, nami nikadhani nitaimaliza kabla chai haijapoa. Mbili hapana. Tatu hapana. Tano, saba, kumi na moja, hapana. Nikavuka 50. Nikavuka 100. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Nilijaribu tasa 39, kutoka 2 hadi 167, na zote 39 zikaacha baki. Nikaanza kuamini kwamba jiji lenyewe ni tasa na tayari nimeshatunga kichwa cha habari. Ya 40, ambayo ni 173, ikaingia: 765,179 = 173 × 4,423. Basi. Tasa mbili tu, hakuna zaidi.

Namba ya taifa nilikuwa nimeimaliza kabla ya kuvuka 43, kwa sababu inavunjika vipande vidogo. Namba ya jiji ilinitoa jasho kwa sababu imeundwa kwa vipande viwili vikubwa. Ugumu wa namba hauko kwenye urefu wake bali kwenye ukubwa wa vigawo vyake tasa, na hili si jambo la kijiweni tu. Tangu Rivest, Shamir na Adleman walipotoa mbinu yao mwaka 1977, siri nyingi kwenye intaneti zimefungwa kwa namba za aina hiyohiyo ya jiji letu, tasa mbili zilizozidishwa, isipokuwa kila moja ina mamia ya tarakimu. Kuzizidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzitenganisha, hata kompyuta kubwa za leo zinashindwa. Mwenye kutaka kuelewa kwa mkono wake kwa nini hilo kufuli linashika, ajaribu 765,179 bila kikokotoo.

Na ile 4,423! Nitasema kwa kifupi maana najua nimeshawachosha. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyekuwa akiandikiana na Fermat, anakumbukwa kwa namba zinazopatikana kwa kupandisha 2 kwa kipeo fulani na kutoa 1. Mara chache sana zinatoka tasa. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu (na hii mnaona jinsi ramli inavyonyatia), Alexander Hurwitz kule Marekani alithibitisha kwa kompyuta kwamba kipeo cha 4,423 kinatoa tasa. Ina tarakimu 1,332. Na tangu Euclid tunajua kwamba kila tasa ya Mersenne inazaa namba timilifu. Yaani ndani ya namba ya jiji la Dodoma, ambayo yenyewe ni pungufu, kuna kipeo kinachozaa utimilifu.

Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo ni ya familia hiyohiyo. Ilitangazwa Oktoba 2024, aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, na kipeo chake ni 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Tungempa kila Mtanzania wa sensa ile tarakimu moja ya kushika, watu 20,716,800 wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Ombi langu kwa walimu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila mkoa una namba yake ya sensa, na kila wilaya, na matokeo yalitangazwa wazi. Waachieni watoto wapasue namba ya kwao, badala ya 36. Watakutana na pori, watakwama, na mwalimu naye atakwama, jambo ambalo halimdhuru.

Binti wa jirani yangu, yuko darasa la saba, nilimpa kazi ya namna hiyo likizo iliyopita. Sikumpa jumla, nilimpa vipande. Akaanza na Bara, 59,851,347, na Zanzibar, 1,889,773. Akarudi amekunja uso. "Babu, zote ni witiri, lakini ukiziunganisha unasema zinagawanyika kwa 64?" Nikamwambia agawe kila moja kwa saba. Bara ikabaki 3. Zanzibar ikabaki 4. Akakaa kimya kidogo, akajumlisha kwa vidole, akacheka. Halafu bila kuambiwa akajaribu kwa wanaume, 30,053,130, na wanawake, 31,687,990. Wanaume baki 2, wanawake baki 5. Saba tena. Peke yao hawagawanyiki, pamoja wanagawanyika, na sasa alijua kwa nini.

Ninaona hapo ndipo alipoambukizwa, maana aliondoka na namba ya wanaume peke yake, akitaka kuipasua mpaka mwisho. Ametoa 2, ametoa 3, ametoa 5. Imebaki 1,001,771. Saba inaacha 1, kumi na moja inaacha 1, kumi na tatu inaacha 4. Jana jioni alipita kwenye uzio akanionyesha daftari: amevuka 41 na bado haijakubali. Akaniuliza kama ni tasa. Nikamwambia sijaimaliza na mimi.

"Basi usiniambie ukimaliza, babu," akasema, akaenda kuchota maji.